Kabla hujalinyanyua gari: springi, shokapu na kilo zinazosahaulika

Tulikuwa tumebakiza kama kilomita 20 kufika Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, nilipoanza kusikia mlio upande wa kushoto mbele. Ta-ta-ta-ta kila nikikata kona, kimya nikinyoosha usukani. Nikasimama, nikachuchumaa kando ya tairi. Grisi nyeusi ilikuwa imetapakaa ndani ya rimu yote mpaka kwenye hozi ya breki, na ile raba yenye mikunjo kama kodiani inayofunika sivi jointi, kiungo kinacholizungusha tairi hata likiwa limekatwa kona, ilikuwa imechanika kwenye mkunjo wa nje. Vumbi la Natron ni jepesi kama unga wa sembe. Lilikuwa limeshaingia ndani na kujichanganya na grisi iliyobaki, likawa msasa.

Prado ile ilikuwa na wiki tano tu tangu inyanyuliwe. Nilikwenda gereji nikasema maneno yanayosemwa na wengi: "Fundi, nipandishie inchi mbili, gari liwe na muonekano." Fundi akajibu, "Hamna shida bosi, tunaweka spesa, jioni unaondoka nalo." Na kweli jioni niliondoka nalo. Akafunga spesa za alumini juu ya shokapu za mbele, nyuma akaweka springi ndefu zaidi, kazi ikaisha. Sina ugomvi naye. Niliagiza kimo, nikapewa kimo.

Tatizo ni hilo neno kunyanyua. Limebeba mambo ambayo hayana undugu: urefu wa springi, ukakamavu wa springi, urefu wa shokapu, ukubwa wa tairi. Yote yanaweza kulifanya gari lionekane refu, lakini kila moja linafanya kazi yake na kila moja lina gharama yake chini ya gari. Ukitaka kuelewa kwa nini, inabidi uingie uvunguni.

Lala chini ya Prado uanze nyuma. Utaona boriti moja ya chuma inayounganisha tairi la kulia na la kushoto, katikati imevimba kama chungu. Kile chungu ndicho difu, gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Ekseli ya namna hii ni kipande kimoja: tairi la kulia likipanda jiwe, boriti nzima inainama. Sasa jivute mbele. Huku hakuna boriti. Kila tairi limeshikwa na wishboni zake mbili, yaani mikono ya chuma, wa juu na wa chini, na difu imefungwa juu kwenye chasisi, ikitoa shafti mbili fupi kwenda kwenye matairi. Prado zimekuwa hivi mbele tangu toleo la 90 lililotoka 1996. Land Cruiser 70, ile ya pikapu na ya watalii iliyozaliwa 1984, ina boriti mbele na nyuma. Vilevile Land Cruiser 80, Jimny, na Defender za zamani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kunyanyua kutakusaidia nini. Fikiria njia ya porini iliyochimbwa na malori, magurudumu yanapita kwenye mifereji miwili na katikati kuna tuta. Kinachogonga tuta lile ni chungu cha difu ya nyuma. Uweke springi ya inchi mbili, nne, hata kumi, chungu kile hakipandi hata milimita moja, kwa sababu boriti imekaa juu ya matairi na springi iko juu ya boriti. Springi inanyanyua bodi. Difu ya nyuma inanyanyuliwa na tairi peke yake.

Na tairi lenyewe linanyanyua kiasi gani? Hesabu yake haihitaji fundi. Prado nyingi zinakuja na 265/65R17. Rimu ni inchi 17, yaani milimita 431.8, ubavu ni asilimia 65 ya upana wa 265, milimita 172 na kidogo, chini na juu. Jumla tairi lina kipenyo cha milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Kipenyo kimeongezeka milimita 27 hivi, lakini nusu yake iko juu ya ekseli, kwa hiyo difu imepanda milimita 13. Unene wa kidole. Ukienda 285/70R17 kipenyo kinafika 831 na difu inapanda milimita 27, ila hapo tairi linaanza kusugua plastiki za madigadi ukikata usukani mpaka mwisho, na spidomita inaanza kudanganya: ikisoma 100, wewe uko 107.

Basi springi ndefu ni za nini? Zinasaidia kwa mambo mawili ya kweli. La kwanza ni pembe: pua ya gari inapoingia kwenye korongo na mkia unapotoka, bodi iliyo juu haigusi ukingo. La pili ni tumbo, yaani ngazi za pembeni, sampo na tangi. Lakini sababu kubwa kuliko zote, ile ambayo sikuwahi kuitajiwa gereji, ni mzigo. Springi inabadilishwa kwa sababu gari limeongezewa uzito. Kimo kinafuata chenyewe.

Nichukue gari langu kama mfano. Baada ya kunogewa na safari nilitaka ngao ya chuma mbele, winchi, keria, hema la paa, friji, na kadhalika. Siku moja nikakaa na karatasi. Ngao kilo 60. Winchi na kamba yake 35. Keria 30. Hema 60. Betri ya pili 25. Friji ikiwa na vitu 40. Droo za nyuma za mbao 50. Maji lita 60, hizo ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli, lita 40, kama kilo 34. Jeki, sepetu, kamba na makorokoro mengine 30. Jumla kilo 424, na hakuna mtu hata mmoja aliyepanda. Weka watu wazima wanne na mabegi yao, kilo 300, unafika 724. Magari mengi ya daraja la Prado yameruhusiwa na kiwanda kubeba kati ya kilo 500 na 700 hivi, abiria wakiwa ndani ya hesabu. Kwa maneno mengine, gari langu la ndoto lilikuwa limeshazidi mzigo likiwa bado kwenye karatasi.

Na hapa pana kosa ambalo hata watu wazoefu wanalifanya. Wanadhani springi nene zinaliongezea gari ruhusa ya kubeba. Springi nene zinazuia gari lisikae chini tu. Bearingi, breki, ekseli na chasisi ni zile zile. Ukiona Land Cruiser ya watalii Arusha iliyorefushwa chasisi, ikafungwa viti na paa la kufunguka, ikabeba wageni saba kila siku kwa miaka kumi, usidhani ni springi peke yake. Lile lilikuwa gari la kazi tangu mwanzo, na bado linaingia gereji kila baada ya safari, linapekuliwa boliti kwa boliti.

Uzito una ujanja mwingine: unapouweka panahesabika. Prado 150 ina milimita 2,790 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukining'iniza kilo 100 nyuma ya gari, mita 1.1 kupita ekseli ya nyuma, tuseme tairi la akiba la pili na madumu kwenye bampa, ekseli ya nyuma haibebi 100. Inabeba karibu 139, kwa sababu mzigo umekuwa mtu mzito kwenye ncha ya bembea, na mbele kumepungukiwa kilo 39. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika kidogo, taa zinaangalia nyota. Ngao na winchi zinafanya hivyo hivyo kwa upande wa pili. Ndiyo maana maji na vyuma vizito hukaa sakafuni, karibu na mgongo wa viti vya mbele kadiri inavyowezekana, na paani panabaki hema na magodoro. Magari mengi ya aina hii hayaruhusiwi zaidi ya kilo 80 hadi 100 juu ya paa gari likiwa linatembea, na keria yenyewe imo kwenye hizo kilo. Madumu manne ya mafuta juu ya keria yanapendeza kwenye picha. Kwenye mteremko wa pembeni yanalivuta gari lilale ubavu.

Baada ya kujua kilo, springi inakuwa swali jepesi. Springi ya koili ina ukakamavu wake, yaani inahitaji kilo ngapi ili ikubali kushuka milimita moja. Tuseme ya nyuma inahitaji kilo 3. Ukiongeza kilo 180 kwenye ekseli ya nyuma, kila upande unachukua 90, gari linakaa chini milimita 30. Watengenezaji makini huuza springi kwa madaraja ya mzigo wa kudumu: hii ya gari tupu, hii ya kilo 200 za ziada, hii ya 400. Mzigo wa kudumu ni ule usioshuka kwenye gari hata Jumatatu ukienda kazini. Ukinunua springi ya kilo 400 ukaifunga kwenye gari tupu kwa kuwa tu ni ndefu zaidi, litasimama kama jogoo, na kila tuta la barabarani litakufikia kwenye meno. Mtu akikuuliza dukani "unataka inchi ngapi?", mjibu kwa kilo. Akishindwa kukusaidia kwa kilo, nenda duka jingine.

Shokapu nayo watu wanaipa kazi isiyo yake. Shokapu haibebi gari. Springi ikishabanwa inataka kurudisha ule msukumo, na ikiachwa peke yake gari litanesa kama kitanda cha zamani. Kazi ya shokapu ni kuumeza msukumo huo na kuugeuza joto: ndani kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya pistoni. Kila mnyumbuko ni joto. Kwenye lami hiyo ni kazi ya kitoto. Kwenye moramu iliyoota mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kuteremka kwenda Naabi, ni adhabu. Mawimbi yakiwa yameachana sentimita 70 na wewe uko kilomita 50 kwa saa, kila tairi linapigwa mara 20 kwa sekunde. Kwa saa nzima! Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, na yakichanganyika na hewa yanatoa povu, na povu halina ukinzani. Shokapu bora zinajazwa gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo ili mafuta yasitoe povu, na zinakuwa nene ili zibebe mafuta mengi.

Utajuaje zimechoka? Gari linaanza kuelea. Kwenye kona mkia unateleza kidogo kuelekea nje bila wewe kuubembeleza. Ukishuka na kusogeza kiganja karibu na shokapu ya nyuma utahisi joto kabla hujaigusa, usiiguse. Kaa kivulini nusu saa, kunywa maji. Nimewaona watu wakibadili springi, matairi na hata viti, huku wakiacha shokapu zilizokuja na gari kutoka Japani miaka kumi na mbili iliyopita, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mtaa wenye lami nyororo. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu chini ya gari, na huna mzigo mkubwa, mimi ningenunua shokapu.

Zaidi ya hapo, shokapu na springi ni mtu na mkewe. Springi ikirefuka, shokapu nayo lazima irefuke. La sivyo tairi linaposhuka kwenye shimo, springi bado ina nafasi ya kujinyoosha lakini shokapu imefika mwisho, na inageuka kuwa kamba inayoning'iniza ekseli nzima. Watu wanasahau kwamba safari ya tairi ni ya pande mbili. Tunafikiria tairi kupanda jiwe. Kushuka shimoni ni muhimu vilevile, maana tairi lililobaki hewani halisukumi gari, na difu ya kawaida, isiyo na loki, ikiona tairi moja liko hewani, lile la chini nalo inalinyima nguvu.

Sasa turudi kwenye zile spesa zangu. Spesa ni bamba la kujazia nafasi. Haiongezi ukakamavu, haiongezi uwezo wa kubeba; inaisukuma shokapu na springi yake chini. Kwa kuwa shokapu ya mbele ya Prado imekalia katikati ya wishboni ya chini, si kwenye ncha yake, spesa ya sentimita 3 inaweza kunyanyua gari sentimita 5 au zaidi. Ndiyo raha yake na ndiyo balaa yake. Difu ya mbele imepanda pamoja na chasisi, matairi yamebaki chini, kwa hiyo shafti zinazowaunganisha hazilali tena, zimeinama. Sivi jointi inazunguka ikiwa imekunjwa muda wote, raba yake inajisugua mkunjo kwa mkunjo, na siku inachanika hakuna anayekupigia simu. Bolijointi ya juu, kiungo kati ya wishboni na tairi, nayo inakaa karibu na mwisho wa uhuru wake. Na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati baada ya kona, kwa kuwa mlalo wa mhimili wa tairi umebadilika. Gari linatangatanga kwenye lami na wewe unalaumu upepo.

Kwa magari yasiyo na boriti mbele kama Prado, sentimita 4 hadi 5 za springi halisi ndiyo mpaka ambao magari mengi yanauvumilia, na hata hapo alaimenti, yaani kupanga upya mielekeo ya matairi, ni lazima siku ile ile. Ukitaka kuvuka mpaka huo utahitaji wishboni za juu za aina nyingine, na pengine kuishusha difu ya mbele kidogo ili shafti zilale. Nyuma nako kuna fimbo ndefu ya kulalia, ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli, inayoizuia ekseli isiende kushoto na kulia. Bodi ikipanda, fimbo inaivuta ekseli upande mmoja. Simama nyuma ya gari lililonyanyuliwa utaona tairi moja limetokeza kuliko jingine. Angalia na hozi za breki zisivutike tairi likishuka mpaka mwisho. Land Cruiser nyingi za zamani zina valvu ya breki iliyofungwa kwa fimbo kwenye ekseli ya nyuma, inayopima mzigo kwa kuangalia bodi imekaa chini kiasi gani. Unyanyue bodi usiirekebishe, valvu itadhani gari ni tupu daima na itazinyima breki za nyuma. Na kama Prado yako ni ile yenye mifuko ya upepo nyuma badala ya springi, usikubali mtu aanze kufungua kabla hajakueleza kompyuta yake itafanywaje.

Wanaopenda mambo haya wengi wameambukizwa na Rhino Charge ya Kenya, na mimi ni mmoja wao. Ni mashindano yaliyoanza 1989 ya kuchangia Rhino Ark, shirika la uhifadhi, ambako gari linatakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wengine wote, ikibidi kwa kushuka genge lililonyooka kama ukuta. Ni tamasha la kweli. Lakini yale magari yameundwa upya kwa ajili ya siku moja, na yanafika pale yamebebwa juu ya lori. Lako linatakiwa kufika lenyewe, kulala porini siku tatu, na Jumatatu kupeleka watoto shule.

Kwenye matairi nitakuwa mfupi, ingawa ndiyo yanayobadilisha mambo kuliko chochote. Tairi la kashata kubwa za tope, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi, ni zuri kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika kama ulimbo mvua ikinyesha, kwa sababu nafasi kati ya kashata zinajisafisha tairi likizunguka. Kwenye mchanga linachimba kaburi lake. Kwa safari zetu nyingi, ambazo robo tatu ni lami na moramu, kashata za wastani zinatosha, mradi ubavu uwe mgumu. Soma zile tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata nzima linadanganya macho.

Upepo, hata hivyo, nautetea kwa sauti. Kifaa cha kwanza kununua, kabla ya ngao, kabla ya winchi, kabla ya taa, ni geji ya upepo na kompresa ndogo ya kuunga kwenye betri. Tairi lenye upepo wa psi 36 likiteremshwa hadi 18 linarefusha wayo wake ardhini, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuzama, na yale mawimbi ya moramu yanalainika kabla hayajafika kwenye shokapu. Nimewahi kuwavuta watu wawili kwenye korongo la mchanga, wa tatu nikamwambia atoe upepo kwanza, akatoka mwenyewe huku anacheka. Masharti ni mawili: nenda polepole bila kukata kona kwa ghafla, tairi lisije likavuka rimu, na rudisha upepo kabla ya lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkali linapata joto mpaka linapasuka.

Winchi inachaguliwa kwa hesabu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Gari la tani 3 linahitaji winchi ya tani 4.5, ambayo madukani huandikwa kama pauni 10,000. Nguvu hiyo ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba kwenye ngoma. Kadiri kamba inavyobaki nyingi kwenye ngoma, nguvu inapungua. Injini iwe inawaka, maana winchi iliyoelemewa inakunywa umeme wa mamia ya ampea. Kamba za sintetiki zimepunguza hatari, kwa kuwa waya wa chuma ukikatika unafyeka kilicho mbele yake; hata hivyo tupa koti au turubai juu ya kamba yoyote inayovuta, na watu wasimame mbali. Halafu jiulize utaifunga wapi. Kwenye uwanda wa Natron au jangwa la Chalbi hakuna mti. Utachimba shimo, utazika tairi la akiba, utafunga hapo, na utatambua kwamba sepetu ndiyo iliyokuwa winchi yako.

Jambo moja la hatari linalohusu magari yetu ya mtumba. Chini ya gari lililotoka Japani utakuta vitanzi vidogo vya chuma mbele na nyuma. Wengi hufunga kamba pale na kuvuta kwa kishindo. Vingi vya vitanzi hivyo ni vya kulifungia gari lisicheze ndani ya meli. Kikichomoka kinakuwa risasi. Lile bonge la kuvutia trela nalo ni hivyo hivyo, likikatika linapita kwenye kioo. Funga kwenye ndoano halisi iliyokazwa kwenye chasisi kwa boliti nene.

Snokeli watu wanaifikiria kama kibali cha kupita mtoni. Kazi yake ya kila siku ni vumbi: inavuta hewa ya juu, iliyo safi zaidi, na eakilina, kichujio cha hewa ya injini, inadumu. Hata magari ya Safari Rally kule Naivasha yameonekana na snokeli miaka ya karibuni. Kuna za mapambo zisizoziba kwenye maungio. Washa injini, ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Injini ikikabwa na kutaka kuzima, snokeli ni ya kweli. Ikiendelea kunguruma kwa furaha, inavuta hewa mahali pengine, na mtoni itavuta maji pale pale. Na mabomba ya kupumulia ya difu yapandishwe juu: difu iliyopata moto ikiingia maji ya baridi inavuta pumzi, na kama mdomo wake uko chini ya maji, inakunywa. Wanasema mto upimwe kwa miguu kwanza. Ni ushauri mzuri, isipokuwa ule wenye mamba.

Kuhusu taa za paani: zinamulika boneti na vumbi lako mwenyewe, na barabarani zinampofusha anayekuja. Zangu nimeziuza. Na neno moja kuhusu kuacha njia: ndani ya hifadhi zetu kukanyaga nyasi nje ya barabara ni kosa, hata ukiwa na gari la kijeshi. Gari hili ni kwa ajili ya njia mbovu. Pasipo na njia si pake.

Siku ya kufungiwa springi mpya, kaa hapo gereji, usiende kunywa chai. Bushi za mikono ya ekseli na za wishboni ni mpira ulioshikwa na boliti katikati. Fundi mwenye haraka atakaza boliti hizo gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Gari likishuka, mpira unajipinda na kubaki umejipinda maisha yake yote, na ndani ya miezi michache unachanika, nawe utaambiwa bushi za siku hizi ni feki. Mwombe azishike tu kwa mkono, ashushe gari likae kwa matairi yake likiwa na mzigo wake wa kawaida, ulitikise mbele na nyuma mara kadhaa, ndipo aingie uvunguni na spana akaze kila kitu. Kisha alaimenti. Kisha taa zishushwe. Na baada ya safari ya kwanza yenye mashimo, lirudishe akaze tena. Mara hii langu lilikuwa na boliti tatu zilizokubali kugeuka.